Fedha Zilizoingia Kwenye Akaunti Yako kwa Kosa la Benki: Wajibu Wako, na Hatua za Kuchukua Hata Kama Umeshazitumia

Fedha zinapoingia kwenye akaunti ya mtu kwa kosa la benki, wengi hujiuliza kama kosa hilo, kwa kuwa si lao, linawapa ruhusa ya kuzitumia. Sheria inajibu kwamba haliwapi. Kwa Tanzania Bara, kifungu cha 72 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinamtaka mtu aliyelipwa fedha au kukabidhiwa kitu kwa kukosea akirudishe, na hakiulizi aliyekosea alikuwa mzembe kwa kiasi gani. Nchini Kenya mahakama huegemea kanuni zilizotokana na sheria za Uingereza kuhusu kurejesha mali iliyopatikana bila haki, na kanuni hizo zinafika mahali pale pale. Tangu kesi ya Kelly dhidi ya Solari ya mwaka 1841, ambamo kampuni ya bima ilimlipa mjane fedha za bima iliyokwisha kufutwa kwa sababu maofisa wake walisahau jambo hilo, msimamo umekuwa kwamba uzembe wa aliyelipa haumwondolei haki ya kudai fedha zake.

Hata hivyo, ndani ya wajibu huo wa kurudisha zimo hali mbili zenye matokeo tofauti kabisa. Mtu aliyetumia fedha hizo akiamini kwa dhati kuwa ni zake anadaiwa kama mdeni yeyote. Aliyezitumia akijua si zake anaweza kushtakiwa kwa wizi, akafungwa, na bado akadaiwa. Kinachotenganisha watu hao wawili ni siku waliyojua, wala si kiasi walichotumia. Kila hatua iliyomo katika mwongozo huu inalenga kukusaidia kuithibitisha siku hiyo na kuonyesha kwamba tangu hapo ulitenda kwa uaminifu.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba fedha hizo kweli si zako

Usikimbilie benki kabla ya kuchunguza, kwa maana fedha nyingi zinazoonekana ngeni huwa na maelezo ya kawaida: malimbikizo ya mshahara, mafao, gawio la SACCOS, fidia ya bima uliyoidai miezi mingi iliyopita, au ndugu aliye ughaibuni aliyetuma bila kukuarifu. Omba taarifa ya akaunti yenye maelezo ya kila muamala na usitegemee ujumbe wa simu peke yake, kwa sababu ujumbe unaweza kughushiwa na mara nyingi haumtaji aliyeweka fedha. Katika taarifa hiyo tazama tarehe, kiasi, jina la mtumaji, namba ya kumbukumbu ya muamala na maelezo mafupi yaliyoandikwa pembeni yake.

Makosa yenyewe hutokea kwa njia chache. Mfanyakazi wa benki au mtumaji hukosea tarakimu moja ya namba ya akaunti, malipo yaleyale huingizwa mara mbili, sifuri huongezwa, au mfumo wa kompyuta huonyesha salio kubwa kuliko lililopo na kumruhusu mteja kutoa fedha ambazo hana. Njia hii ya mwisho ndiyo iliyotokea katika Benki ya Biashara ya Ethiopia mwezi Machi 2024, pale hitilafu ya mfumo ilipodumu kwa saa chache za usiku na wateja, wengi wao wakiwa wanafunzi wa vyuo vikuu, wakatoa na kuhamisha fedha kupita masalio yao. Benki ilitangaza kwamba wanaorudisha kwa hiari hawatashtakiwa, kisha ikachapisha majina na picha za ambao hawakurudisha. Kutoa fedha kupita salio lako kwa sababu mashine imekubali hakukupi haki yoyote juu yake. Unabaki unadaiwa na benki kiasi hicho.

Pima pia kama kiasi kilichoingia kinaweza kuaminika. Mwalimu anayeona nyongeza ya shilingi 80,000 katika mwezi ambao serikali imetangaza kupandisha madaraja anaweza kusema kwa ukweli kwamba alidhani ni haki yake. Mtu ambaye akaunti yake haijawahi kuvuka shilingi milioni mbili, kisha akaona milioni sitini asubuhi moja, hawezi kusema hivyo, na hakuna hakimu atakayemsadiki kirahisi. Pale unapokuwa na shaka ya kweli, chukulia kwamba si zako mpaka benki ikuthibitishie vinginevyo kwa maandishi.

Hatua ya pili: andika tarehe, kisha uziache zilipo

Siku unapogundua, andika mahali tarehe, saa, salio uliloliona na namna ulivyogundua, na uhifadhi picha ya skrini au nakala ya taarifa ya akaunti. Kumbukumbu hiyo ndiyo itakayokutetea baadaye iwapo mtu atadai kwamba ulijua mapema zaidi.

Baada ya hapo usizitoe, usizihamishie kwenye akaunti yako nyingine, usizipeleke kwenye simu, wala usizigawe kwa mtu akutunzie. Wapo wanaohamisha kwa nia njema, wakidhani wanazitenga ili zisichanganyike na zao, lakini kuzihamisha kunaonekana kwa mpelelezi kama kuzimiliki. Angalia pia makato ya moja kwa moja, kama vile marejesho ya mkopo, ada za bima au malipo ya kila mwezi uliyoiagiza benki iyafanye. Iwapo fedha zako halisi hazitoshi kulipia makato hayo, weka nyongeza kutoka mfukoni au uiombe benki iyasimamishe, la sivyo fedha za mtu mwingine zitalipa deni lako wakati wewe tayari unajua.

Kwa akaunti za pamoja, kama za mume na mke, kikoba, chama au jumuiya, waarifu watia saini wote kwa maandishi siku hiyohiyo. Mhazini aliyekaa kimya ndiye atakayeulizwa kwanza.

Hatua ya tatu: iarifu benki kwa maandishi

Simu kwa huduma kwa wateja ni mwanzo mzuri, lakini haitoshi. Peleka barua kwenye tawi lako, uombe nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na utume barua hiyohiyo kwa barua pepe rasmi ya benki. Huna haja ya maneno mengi, na usijieleze kupita kiasi. Mfano huu unatosha:

*Meneja wa Tawi,*
*(Jina la benki na tawi)*

*YAH: FEDHA NISIZOZITAMBUA KATIKA AKAUNTI NAMBA ……*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tarehe …… niligundua kuwa akaunti yangu iliyotajwa hapo juu imeingiziwa shilingi …… kupitia muamala wenye namba ya kumbukumbu …… wa tarehe ……. Sizitambui fedha hizo na sitarajii malipo ya kiasi hicho kutoka kwa mtu yeyote.*

*Naomba benki ichunguze chanzo cha fedha hizo na inijulishe matokeo kwa maandishi. Kwa sasa sijazitumia wala kuzihamisha. Iwapo itathibitika kuwa ziliingizwa kimakosa, niko tayari benki izirudishe kwa mwenyewe, na naomba nipewe uthibitisho wa maandishi mara zitakapoondolewa.*

*Jina, sahihi, tarehe, namba ya simu.*

Kama umeshatumia sehemu yake, ondoa sentensi inayosema hujazitumia na usome kwanza hatua ya tano kabla ya kuandika chochote. Usiandike uongo katika barua hii hata kidogo. Barua ya kweli ni ngao, lakini yenye uongo hugeuka ushahidi dhidi ya mwandishi wake.

Benki isipojibu ndani ya muda unaokubalika, andika ukumbusho. Tanzania ina Kanuni za Kuwalinda Watumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019, zilizotolewa chini ya Benki Kuu, na mteja asiyeridhika na majibu ya benki yake anaweza kupeleka lalamiko Benki Kuu baada ya kuipa benki nafasi ya kulishughulikia. Kenya nayo ina mwongozo wa Benki Kuu yake kuhusu ulinzi wa wateja. Ukimya wa benki hauzigeuzi fedha hizo kuwa zako, hata ukidumu mwaka mzima.

Hatua ya nne: usizirudishe kwa anayekupigia simu

Kila mwenye simu Tanzania ameshapokea ule ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii", na matapeli wanajua kwamba mtu mwaminifu ndiye rahisi kumtapeli kwa njia ya kurudisha. Mtu anakupigia akijitambulisha kuwa mtumaji aliyekosea au ofisa wa benki, anakutajia kiasi sahihi, anakuomba umrudishie haraka kwa namba ya simu au akaunti nyingine, pengine anakwambia ubaki na kidogo kama shukrani.

Ukikubali, unaweza kuumia kwa namna tatu. Huenda hakuna fedha zilizoingia kabisa na ujumbe ulikuwa wa kughushi, hivyo umetoa zako. Huenda ziliingia kwa kosa la kweli, nawe umezipeleka kwa mtu asiye mwenyewe. Benki itakapozidai utalipa mara ya pili. Na huenda ziliibwa kwingine na akaunti yako inatumiwa kama njia ya kuzipitisha, jambo linaloweza kukuingiza katika uchunguzi wa utakatishaji fedha. Fedha zirudi kwa njia zilizojia: benki ndiyo iugeuze muamala, nawe upewe uthibitisho. Anayekuharakisha mwambie aende kwenye benki yake akaripoti, kwa kuwa mtumaji wa kweli ana namba ya kumbukumbu na benki yake inajua la kufanya. Asikulainishe kwa machozi wala kwa vitisho.

Hatua ya tano: iwapo umeshazitumia

Hapa ndipo watu huogopa zaidi na kukosea zaidi, kwa hiyo inafaa kusoma polepole.

Chukua taarifa ya akaunti na upige mstari kwenye ile tarehe uliyoijua kweli. Matumizi yaliyo kabla ya mstari huo na yaliyo baada yake hayahesabiwi pamoja.

Yaliyo kabla ya mstari, yaani uliyoyafanya ukiamini fedha ni zako, kwa kawaida si jinai. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 9, inamwondolea hatia mtu aliyetenda juu ya mali kwa kuamini kwa uaminifu kwamba ana haki nayo na bila nia ya kudanganya. Lakini kutokuwa na hatia hakufuti deni. Sheria za Uingereza, tangu uamuzi wa mwaka 1991 wa Baraza la Mabwana, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya huko wakati huo, katika kesi ya Lipkin Gorman dhidi ya Karpnale, zinamruhusu mpokeaji mwaminifu kujitetea kwamba hali yake imebadilika kwa sababu ya malipo hayo kiasi kwamba si haki kumdai yote. Mtu aliyetoa sadaka kubwa ambayo asingeitoa kamwe bila fedha hizo anaweza kuutumia utetezi huo. Aliyelipa karo, kodi ya nyumba na chakula, mambo ambayo angeyalipa kwa vyovyote, hawezi, kwa kuwa fedha zake mwenyewe zimebaki badala ya zile alizotumia. Katika kesi moja ya London ya mwaka 1976, mteja aliyeingiziwa malipo mara mbili alinunua hoteli kwa fedha hizo, na mahakama ikamwamuru arudishe, ikiona kwamba hoteli hiyo angeinunua hata bila kosa la benki. Nchini Kenya utetezi huu unaweza kutajwa mahakamani kama kanuni ya kushawishi, yaani ile ambayo hakimu anaweza kuifuata lakini halazimiki. Kwa Tanzania Bara, ambako kifungu cha 72 kinaamuru kurudisha kwa maneno ya moja kwa moja, nisingemshauri mtu auwekee matumaini yake yote.

Yaliyo baada ya mstari ndiyo ya hatari. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania katika kifungu cha 258, na ile ya Kenya katika kifungu cha 268, hazihesabu wizi kuwa kunyakua peke yake. Kuigeuza mali ya mwingine kwa hila kuwa ya matumizi yako pia ni wizi. Tena vifungu hivyo vinasema wazi kwamba, kwa upande wa fedha, nia ya kuzitumia upendavyo inatosha hata kama ulikusudia kuzirudisha baadaye. Hivyo kauli inayosikika mara nyingi, kwamba "nilikopa tu, ningerudisha mwisho wa mwezi", haiokoi. Kwa aliyekuwa anajua, kauli hiyo inakaribia kuwa kukiri. Adhabu ya jumla ya wizi inaweza kufika kifungo cha miaka saba Tanzania na mitatu Kenya, na ndugu aliyepokea sehemu ya fedha hizo akijua zilikotoka anaweza kushtakiwa naye kwa kupokea mali ya wizi.

Mfano unaojulikana zaidi barani Afrika ni wa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Walter Sisulu, Afrika Kusini. Mwezi Juni 2017 alitakiwa kupokea randi 1,400 za chakula kutoka mfuko wa serikali wa kusomesha wanafunzi, akaingiziwa zaidi ya randi milioni 14 kwa kosa la waliosimamia malipo. Alitumia zaidi ya randi 800,000 katika muda wa wiki kadhaa. Mwaka 2022 alitiwa hatiani kwa wizi na kuhukumiwa kifungo cha miaka mitano, ingawa baadaye rufaa ilimwepusha na gereza. Nadhani funzo kubwa la kesi hiyo liko katika kiasi ambacho hakukitumia: zaidi ya milioni 13 zilirudi bila mzozo, na bado hazikumsaidia kwa zile chache alizotumia akijua.

Iwapo umetumia baada ya kujua, acha sasa hivi. Usifute ujumbe wa simu, usifunge akaunti, usihamishe ulizobakiza. Muone wakili kabla hujaandika maelezo yoyote kwa benki, kisha, kupitia kwake au pamoja naye, toa taarifa, rudisha kilichopo na upendekeze namna ya kulipa kilichobaki. Kurudisha hakulifuti kosa lililokwisha kutendeka, lakini kunazingatiwa na benki inapoamua kama ifike polisi, na pia na hakimu anapotoa adhabu. Asiyekuwa na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 kwa Tanzania, au kwenda Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Kenya ipo Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016.

Hatua ya sita: kubaliana kuhusu kulipa, ukijua haki zako

Kuwa mdeni hakukufanyi usiwe na haki. Kwanza, benki ndiyo inayodai, hivyo ionyeshe kwa hati kwamba kosa lilitokea na kwamba kiasi ni hicho. Pili, deni ni kile ulichopokea. Ikiongeza riba au gharama, iombe ikuonyeshe kifungu cha mkataba au cha sheria kinachoiruhusu, kwa sababu kosa lilianzia kwake na mara nyingi nyongeza hizo hupunguzwa mtu anapouliza kwa heshima. Tatu, soma masharti ya akaunti uliyosaini: mengi yanairuhusu benki kugeuza muamala iliouingiza kimakosa, na mengine yanairuhusu kukata deni kwenye akaunti zako nyingine katika benki hiyohiyo. Ikizuia akaunti nzima pamoja na mshahara wako, omba kwa maandishi kwamba kizuizi kihusu kiasi kinachobishaniwa tu.

Pendekeza marejesho unayoweza kuyatimiza kweli. Ahadi ya laki tano kwa mwezi inayovunjwa mwezi wa pili ni mbaya kuliko laki moja inayolipwa bila kukosa. Makubaliano yataje jumla ya deni, kiasi na tarehe za malipo, na kwamba malipo yakikamilika dai litakuwa limekwisha. Usisaini karatasi inayosema kwamba ulijua au uliiba, hata ukiambiwa ni utaratibu wa kawaida wa ofisi. Kukubali deni na kukiri kosa la jinai ni mambo mawili, na hati moja haipaswi kuyabeba yote bila wakili kuiona.

Fedha zilizozidi zikiwa zimetoka kwa mwajiri, taratibu za kazi nazo zinahusika. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinamruhusu mwajiri kukata kwenye mshahara kiasi kilicholipwa kimakosa, mradi makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Tanzania, kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinazuia makato yasiyoruhusiwa na sheria, makubaliano ya pamoja au amri ya mahakama, isipokuwa mfanyakazi mwenyewe ameyakubali kwa maandishi kwa ajili ya deni.

Wapo wanaotumaini kwamba muda ukipita dai litakufa. Nchi zote mbili zina kikomo cha miaka sita kwa madai ya kimkataba, lakini dai linalotokana na kukosea huanza kuhesabiwa kosa linapogunduliwa, au lilipoweza kugunduliwa kwa uangalifu wa kawaida. Benki inayokagua hesabu zake baada ya miaka mitatu bado ina muda wa kutosha.

Hatua ya saba: ukiitwa polisi

Nenda, wala usijifiche, lakini usiende peke yako. Beba nakala ya barua yenye muhuri, taarifa ya akaunti na kumbukumbu uliyoandika siku ya kwanza. Una haki ya kuelezwa tuhuma, ya kuwa na wakili au ndugu, na ya kutotoa maelezo mpaka wakili afike. Ukitoa maelezo, yasome yote kabla ya kusaini, na urekebishe hasa tarehe, kwa maana tofauti ya siku mbili katika maelezo hayo inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya deni na wizi.

Baada ya kulipa

Omba barua ya kuthibitisha kwamba hudaiwi tena, yenye namba ya kumbukumbu ya muamala wa awali na ya marejesho. Baada ya miezi michache omba ripoti yako kutoka taasisi ya taarifa za mikopo, ambayo kwa Kenya hutolewa bure mara moja kwa mwaka, uone kama benki ilikuandikisha kuwa mdaiwa sugu. Ukikuta jina lako bado limo, peleka pingamizi la maandishi kwa taasisi hiyo pamoja na nakala ya barua ya benki, na nakala nyingine uipe benki yenyewe ili irekebishe taarifa iliyotuma.